Mipasheni Mitatu ya Zimwi

Nimechoka leo, wenzangu, basi pokeeni ngano fupi ya mama aliyechoka kunishinda.

Zimwi lilimwiba Sikitu, binti wa Mwanahawa, likamgeuza mpasheni. Mama akamfuata kwa miguu mpaka nyayo zikapasuka. Akafika alfajiri, akakuta mipasheni mitatu imetambaa uzioni, majani yote ya ncha tatu, maua yote yamefumba.

"Mmoja ni mwanao, miwili nimeipanda mwenyewe," likasema zimwi. "Ukikosea, utakuwa wa nne."

Mama akaketi chini, hana hata nguvu ya kulia.

Kulipokucha, mpasheni wa kwanza ukachanua.

"Ndiye huyu?"

"Siye."

Jua likapanda, wa pili ukachanua.

"Ndiye huyu?"

"Siye."

Jua lilipofika utosini, wa tatu ukafumbua ua lake taratibu, kama uliolazimishwa.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye. Tangu azaliwe namwamsha mimi, na hajawahi kuamka kabla ya adhuhuri."

Zimwi likapasuka kwa hasira. Sikitu akasimama pale uzioni, akapiga miayo.

"Mama, uji upo?"

Mwanahawa akajinyoosha kivulini. "Kapike. Leo nalala mimi."

Nami pia, wenzangu.