Jiwe Katika Mtungi wa Achari

"Mvua ikila jiwe, hubakiza shamba." Mmeisikia asubuhi hii Bi Shindano alipomkemea mkwewe kwa kumwaga udongo wa kitaluni, mkatazamana, mkacheka, kisha mkauliza mvua ina meno gani hata ile jiwe. Meno inayo. Tulieni, na mwenye haraka aende zake. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na kijiji kikiitwa Uwandani, kimekaa juu ya mwamba mtupu. Mwamba wenyewe ni ule wa chokaa, wa kijivu kwa juu na mweupe ndani, umetobokatoboka na una ncha za kukata miguu. Shamba kama mnalolijua nyinyi, la kutupa jembe huku na huku, halikuwapo. Watu walilima mashimoni. Shimo moja lina upana wa kitanda, jingine la sinia, na ndani yake mna udongo mwekundu, mzito, unaonata vidoleni. Humo walipanda viazi vikuu na mtama, na pembeni wakajenga ukuta wa mawe makavu, wao wakiuita bigili, ili nguruwe wa mwituni wasiingie. Mtu wa Uwandani ukimuuliza ana nini duniani, alikutajia mashimo yake kwa majina, kama mwingine atajavyo ng'ombe.

Kazija alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Makame, na shimo moja. Lakini shimo hilo lilikuwa kubwa kuliko yote ya kijijini. Lina upana wa ua wa nyumba, na mtu akisimama katikati, ukingo wa jiwe humfika begani. Likiitwa Shimo la Bibi Mosi, kwa jina la bibi yake Kazija aliyelilima kwanza. Lilimlisha Bibi Mosi, likamlisha binti yake, likamlisha Kazija, na ule mwaka wa njaa lililisha nusu ya kijiji. Kazija alilipenda kuliko alivyopenda kukiri.

Basi Makame akaposa. Msichana alikuwa Mize, wa kijiji cha pili, na harusi ikapangwa Ijumaa baada ya mwezi kuandama. Nyumba ya maharusi ilikwisha simamishwa boriti na fito, imebaki kukandikwa. Kwa desturi walikandika kwa kokoto na chokaa, lakini chokaa inataka tanuu, na tanuu linataka kuni za miezi miwili. Makame hakuwa na miezi miwili. Hata subira hakuwa nayo, kama mjuavyo vijana wanaooa.

"Mama," akasema, "tukandike kwa udongo wa shimo. Si utajaa tena?"

Na hapo ndipo palipokuwa na kosa la watu wa Uwandani, kosa lao wote, wakubwa kwa wadogo. Waliamini kwamba shimo la udongo ni kama kisima: ukichota, linajaa lenyewe. Kila mwaka walipolima, jembe liliufumua udongo ukaumuka na kupanda, nao wakisema, "Mnaona? Limejaa." Hakuna aliyewahi kupima. Kazija naye hakupima. Moyo ulimsita kidogo, kisha akamtazama mwanawe wa pekee, akaridhia.

Siku kumi na moja kabla ya harusi, Kazija alitia achari ya ndimu. Alizipanga ndimu katika mtungi, akamimina siki kali ya mnazi, akaitafuta ile mbao ya duara ya kuzikandamizia ndimu zisielee. Akakuta mchwa wameimaliza. Sasa, kulikuwa na mwiko wa bibi zake: achari haitiwi jiwe. Sababu hakuambiwa, wala hakuuliza, maana mwiko ukiulizwa sababu huonekana utovu wa adabu. Lakini kazi za harusi zilikuwa zimemfika shingoni. Akatoka nyuma ya nyumba, akaokota jiwe la ukubwa wa yai la bata, akaliosha, akalitia.

Siki ikafoka. Ilitoa povu na mlio mdogo, kama inanong'ona, wala chini hapakuwa na moto. Kazija akashtuka, akaufunika mtungi, na hakumwambia mtu. Alijua amevunja mwiko, akaona heri anyamaze mpaka harusi ipite.

Jumatano, Makame na wenzake waliingia shimoni na majembe na vikapu. Wakachimba wakiimba. Kufikia Alhamisi asubuhi kuta mbili zimekandikwa, nyekundu na bado mbichi, zinapendeza, na ukingo wa Shimo la Bibi Mosi ulikuwa umempita mtu kichwani. Asubuhi hiyohiyo Kazija alifungua mtungi wake ili atie pilipili.

Jiwe lilikuwa limekonda. Lile yai la bata limebaki kama ndimu ndogo, laini, limelambwa pande zote. Akaonja siki, ukali umekufa. Akaichuja kwa kitambaa cheupe, na kitambaa kilipokauka kidogo akaona katikati yake alama ya tope. Haikuzidi ukucha wa kidole cha mwisho. Ilikuwa nyekundu.

Akaipikicha kwa kidole, ikanata. Akainusa, na harufu yake aliijua tangu alipokuwa akibebwa mgongoni.

Kazija alitoka na kitambaa mkononi, akaenda mpaka shimoni, asijue kwa nini anakwenda. Wachimbaji walikuwa wamepumzika kula. Mvua nyembamba ikaanza, ile isiyo na haraka, naye akakaa chini ya ukingo wa jiwe akaegemea. Sauti ya mvua juu ya mwamba ikawa ileile ya mtungi, inanong'ona. Macho yakamlegea. Akawa yu macho wala hayu macho.

Akauona mwamba unanyonywa. Kila tone lilianguka, likapita kwenye majani yaliyooza, likapata uchachu kidogo, likalilamba jiwe na kwenda zake chini kwenye nyufa, limebeba weupe wote. Na pale lilipolamba liliacha chembe moja nyekundu, kitu ambacho mvua haikuweza kukila, kama kutu inayobaki jembe likifa. Chembe moja, kisha nyingine. Akainua uso, na pale palipokuwa na mawingu akaona kilima. Kilima kizima cha jiwe kilikuwa kimesimama hapo zamani, mahali penye hewa tu, juu ya kichwa chake, juu ya kichwa cha Bibi Mosi, kabla ya mtu yeyote kuwa na jina. Mvua ilikaa chini ikakila polepole, haina pa kwenda, mpaka kikaisha. Na makombo yake ndiyo haya aliyoyakalia.

Kazija akalia. Alilia kwa woga, kama mtu aliyekuwa akichezea kitu ukingoni mwa kisima bila kujua kuwa ni mtoto.

Makame alirudi na kikapu akamkuta amelowa. "Mama! Nini tena? Umefiwa na nani?"

"Weka kikapu chini, mwanangu."

"Kesho harusi, mama. Zimebaki kuta mbili."

Kazija akamfungulia kitambaa. "Unaona nini?"

"Pilipili."

"Pilipili sijatia bado. Nilitia jiwe katika achari."

Makame akarudi nyuma hatua moja. "Lakini mwiko—"

"Mwiko nimeuvunja, na adhabu yake ni hii, nimejua. Siki imelila jiwe siku kumi. Jiwe la ukubwa wa yai la bata, Makame, siki kali, siku kumi. Na udongo uliotoka ndio huo. Sasa nambie, mvua ni siki?"

"Mvua ni maji, mama."

"Maji yenye uchachu mdogo kiasi kwamba hata ulimi hauusikii. Basi kikapu chako hicho kilitaka mawe mangapi? Kilitaka mvua za miaka mingapi?"

Makame alikitazama kikapu. Akayatazama mawe ya ukingo, yamelambwa laini kama lile la mtungini, akapitisha kiganja juu yake. Kijana alikuwa na haraka, hakuwa mjinga.

"Kwa hiyo halijai," akasema.

"Linajaa. Ila wewe hutakuwepo, wala mjukuu wa mjukuu wako."

Makame akajifuta mvua usoni. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Watanicheka, mama. Bibi harusi aingie nyumba ya fito?"

"Watakucheka. Na mimi nitasikia kila neno, na litaniuma."

Makame akageuka akaenda nyumbani. Kazija alidhani amekwenda kukandika, naye hakuwa na nguvu ya kumzuia. Kidogo akasikia kishindo cha udongo mbichi. Mwanawe alikuwa anaubandua ukutani na kuurudisha shimoni, kikapu baada ya kikapu, na wenzake wanamuuliza kama amerogwa.

Ijumaa Mize aliingia katika nyumba iliyositiriwa kwa mikeka. Upepo ulipovuma mikeka iliinuka, na wambea wa Uwandani wakaona kila walichotaka kuona. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Na achari, lo! Achari haikuwa na ukali hata wa kumkunja mtoto uso.

Mize aliionja, akaiweka chini. Siku ya saba alimuuliza mkwewe taratibu, "Mama, hii achari imepatwa na nini?" Kazija akamweleza yote, tangu mbao iliyoliwa na mchwa, akamwonyesha kitambaa alichokuwa amekihifadhi. Mize alikitazama kwa muda. Kisha akamshika mkwewe mkono, wakaenda wawili shimoni, wakakisuuza kitambaa kile juu ya udongo, kwa uangalifu, mpaka kikawa cheupe.

"Sasa limeongezeka," akasema Mize.

Kazija akacheka, mara yake ya kwanza tangu harusi. Na Mize, akiyatazama maji mekundu yakizama, akayasema yale maneno ambayo wambea waliyapeleka kila mahali, kwanza kwa mzaha, kisha bila mzaha.

Makame alikuja kuikandika nyumba yake kwa chokaa, mwaka wa pili, ikawa nzuri. Nyumba hiyo haipo tena; hata mahali pake hapajulikani. Shimo la Bibi Mosi lipo. Viazi mlivyokula mchana huu vimetoka humo, na ukisimama katikati, ukingo unakufika begani.

Mvua ikila jiwe, hubakiza shamba.