Spika Mbili, Sanduku Moja

Fundi mmoja wa Muheza alikuwa na wana wawili, na karakana moja yenye mlango mmoja. Mkubwa, Mhina, alimfundisha mbao. Mdogo, Sufiani, alimfundisha redio, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na vidole vyembamba. Mzee alikuwa na hesabu yake. Mwenye mbao atamhitaji mwenye nyaya, mwenye nyaya atamhitaji mwenye mbao, basi hata yeye akiondoka watoto wataendelea kula sinia moja. Akafa akiamini hivyo.

Sasa sikilizeni walivyofanya. Siku ya msiba Sufiani alikuwa Arusha, mwaka wake wa tano akifanya kazi huko. Alipanda basi la kwanza, basi likaharibika njiani, na simu ikamzimikia. Wazee wakamwuliza Mhina kama wasubiri kidogo. Mhina akasema maiti hasubirishwi, wakazika. Sufiani alifika udongo ukiwa bado mbichi, akasimama uani na begi lake mkononi, na Mhina, kwa uchungu aliokuwa nao, akasema mbele ya watu wote wa matanga, "Mgeni amefika, mpeni kiti." Kiti kikaletwa. Sufiani akakikalia, kweli kama mgeni.

Matanga yalipoanuliwa, Sufiani hakurudi Arusha, kwa sababu karakana ilikuwa yake pia. Wakaikata kwa ukuta wa hadibodi, mbao upande huu, redio upande ule. Mlango ulibaki mmoja, kwa hiyo Mhina alipowahi, Sufiani alichelewa makusudi wasikutane. Wateja ndio waliogeuzwa wajumbe: mwambie wa upande wa pili hivi, mwambie wa upande wa pili vile. Majirani hawakutia mguu, maana wanaijua methali, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Na msidhani Mhina alikuwa na raha. Kila asubuhi alisikia kikohozi ng'ambo ya ubao, akajua kifua kimemrudia mdogo wake kama enzi za utoto wao. Dawa aliijua, hata mti wenyewe aliujua ulipo. Kilichokuwa kigumu ni kuugonga ubao tu. Ulipita mwaka, ukaanza wa pili.

Ndipo akaja Mzee Ngoda na pikapu yake kuukuu. Mzee huyu alifanya kazi miaka thelathini kwenye mashine za katani, nazo zilimrudisha nyumbani na masikio mawili yasiyosikia. Ukitaka kusema naye ulisimama mbele yake akusome midomo. Mkewe, Mama Zaina, alikuwa mpiga ngoma kubwa katika kikundi cha akina mama, na Jumamosi ile ungetimia mwaka tangu azikwe kwao Magoroto. Mzee alikuwa na flashi yenye ngoma za kikundi kile. Sauti za waimbaji alikwisha kuzikatia tamaa. Lakini ngoma kubwa huingia hata kwa mtu asiye na masikio, na miaka yote ya ndoa yao yeye alikuwa akiketi karibu na mkewe na kuisikia tumboni na mgongoni.

"Jumamosi nataka niende kaburini na mwenzangu akiwa ubavuni," alimwambia Mhina. Akampeleka kwenye gari, akagusa sakafu katikati ya viti viwili vya mbele, nyuma kidogo ya gia. "Niwekee hapa. Hapa ndipo alipokuwa akiweka kikapu chake."

Mhina aliipenda kazi ile tangu alipoipima. Alikata maboksi ya sabuni, akayakunja na kuyakata tena mpaka yakakaa pale katikati bila kuzuia gia wala breki ya mkono, kisha akayafuata kwa mbao nene. Kila kiungo alikitia gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, akakibana kwa skrubu, na gundi ilipokauka akapitisha mshumaa pembeni aone kama moto utatikiswa na upenyo wowote. Haukutikiswa. Ndani hakuweka kizuizi. Spika mbili za besi zingekaa chumba kimoja, moja ikimwelekea dereva na moja ikielekea kiti cha abiria, nazo zingetumia hewa moja.

Zikabaki nyaya. Mzee Ngoda akabeba ujumbe kwenda upande wa pili, akarudi na jibu. Hapo ndugu hawa wawili walifanya jambo ambalo mtu wa mbali angelicheka. Sufiani hakutaka kukanyaga kwa kaka yake, na Mhina hakutaka kupeleka sanduku kwa mdogo wake. Basi wakatoboa ubao, wakaliweka sanduku tunduni, nusu huku na nusu kule, na kila mmoja akaifunga spika iliyomtazama yeye. Sufiani alikata nyaya za rangi moja, kwa kuwa hizo ndizo zilizokuwapo, akafunga utepe kwenye waya mmoja wa kila jozi ili utofautike na mwenzake, akapitisha jozi moja tunduni. Marehemu baba yao alikuwa akifunga utepe kwenye chanya. Huko Arusha wenzake Sufiani walikuwa wakifunga kwenye hasi, naye akazoea. Mhina aliushika ule waya, akasita. Swali lilikuwa fupi, hata mtoto angeliuliza: utepe huu ni wa chanya au wa hasi? Lilifika ulimini, akalimeza. Akafunga kama alivyokuwa akifunga baba.

Jumatano sanduku likakaa ndani ya pikapu, limevikwa zulia jeusi, limekaa kama limezaliwa na gari. Mzee Ngoda akachomeka flashi, akaweka kiganja juu ya sanduku, akangoja. Spika ndogo za milangoni zikaimba, akina mama wakasikika neno kwa neno. Mhina alisimama mlango wa dereva, Sufiani mlango wa abiria, na kila mmoja akajua palepale kuwa kuna kitu hakipo. Ngoma ilikuwa inagonga kwa mbali, kavu, kama mtu anayepiga kopo. Sufiani akaongeza sauti. Waimbaji wakapanda, ngoma ikabaki kule kule. Mzee aliwatazama nyuso, akatazama mkono wake.

"Bado hajaja," alisema. Hakulaumu mtu. Akasema wamfanyie wawezavyo, atarudi Ijumaa alasiri, akaondoka na ufunguo wake mfukoni akiwaachia gari pale nje bila kufunga milango.

Nani asiyejua kilichofuata? Mhina alijua kosa ni la nyaya, kwa kuwa mbao zake alizipima kwa mshumaa. Sufiani alijua kosa ni la sanduku, kwa kuwa nyaya zake zilikuwa safi. Alhamisi kutwa Mhina alikagua viungo vyake upya. Sufiani naye alibadilisha amplifaya. Kila mmoja aliijaribu spika ya upande wake kwa redio ya karakana, akiwa ameikata ya mwenzake, na ikanguruma vizuri. Hilo ndilo lililowapoteza. Kila moja ikipigwa peke yake ilikuwa nzima, basi kila ndugu akapata ushahidi kwamba yeye hana kosa.

Ijumaa kabla ya swala Mhina alikaa peke yake kwenye kiti cha dereva, na moyo ulikuwa unamuuma. Alimfikiria yule mzee na kile kiganja. Ndipo akamkumbuka baba yake na betri ya tochi. Mzee wao hakuwa na vipimo vya maana. Akitaka kujua spika imefungwaje, aligusisha betri kwenye nyaya na kuitazama. Mhina akaifuata tochi, akatoa betri, akaigusisha pale nyaya za spika zote mbili zilipokutana. Uso wa spika yake ukasogea nje. Akainama aitazame ile ya Sufiani. Ilikuwa imerudi ndani.

Alirudia mara tatu. Hii ikitoka, ile inaingia. Hewa aliyoisukuma mmoja, mwenzake aliimeza, na ndani ya sanduku lililobanwa vizuri kiasi kile hapakubaki kitu cha kumfikia mtu. Alielewa mara moja kuwa ni utepe, na alielewa kuwa angeuliza kazi ingekwisha Jumatano. Aibu ikamshika. Adhana ikaita, akaenda msikitini, na katika hotuba yote alisikia maneno machache. Aliamua kuugeuza waya wake mwenyewe. Sufiani asijue, majirani wasijue. Alipotoka msikitini alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akafungua spika ya upande wa dereva, akageuza nyaya, akafunga. Hakupima tena, maana alikwisha kupima. Akarudi kwenye mbao zake akiwa mwepesi kama mtu aliyelipa nadhiri.

Alasiri Mzee Ngoda akaja na ufunguo. Wakasimama kama siku ile, kaka mlango huu na mdogo mlango ule. Mzee akaweka kiganja. Akina mama wakaimba. Mhina alingoja ngoma kwa kujiamini kabisa, na ngoma ikagonga kwa mbali, kavu, kama kopo. Mzee alingoja wimbo mzima. Kisha akatikisa kichwa taratibu, akaanza kuuondoa mkono wake pale kwenye sanduku.

Mhina hakuweza kuutazama mkono ule ukiondoka. Aliinua macho, akakutana na macho ya Sufiani ng'ambo ya viti viwili, na akaona humo kitu alichokijua, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa nacho. Ulikuwa mshangao wa mtu aliyetubu na hakupokelewa. Ndipo akasema neno lake la kwanza kwa mdogo wake tangu siku ya kiti.

"Sufi, umegeuza?"

"Nimegeuza, kaka. Mchana, wakati uko msikitini na mimi kifua kimenizuia kwenda. Nilikumbuka utepe wa baba."

"Na mimi nimegeuza."

Wakatazamana. Wote wawili walikuwa wametubu, na kwa kutubu kila mtu kivyake, walikuwa wamerudi palepale walipokuwa wanapishana. Sufiani alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Mhina akangoja kikohozi kiishe.

"Acha wako ulivyo," akamwambia. "Wangu naurudisha." Akachukua bisibisi. Alipokuwa ameinama, uso wake hauonekani, akasema, "Na lile la kiti, Sufi. Kila nikisali naliombea msamaha."

"Nilishakusamehe tangu Ramadhani ile ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

Sufiani akainama upande wake, akalishika sanduku lisitikisike. Mhina akakaza skrubu ya mwisho, akamwashiria mzee.

Mzee Ngoda aliwasha bila kuweka kiganja, nadhani kwa kuogopa. Hakukihitaji. Ngoma ilipiga mara ya kwanza na kioo cha mbele kikatetemeka, ikapiga mara ya pili na mzee akaegemea kiti, akafumba macho. Juu ya kiti cha abiria palikuwa na kofia yake. Baada ya kitambo akanyoosha mkono bila kufumbua macho, akaiondoa ile kofia na kuiweka mapajani, kama unavyompisha mtu anayetaka kukaa.

Ule ubao wa karakana haukuvunjwa siku hiyo, msije mkadhani mambo ni mepesi hivyo. Lakini Jumamosi asubuhi, pikapu ilipokwisha kupita kuelekea Magoroto na mdundo wake, Mhina aliugonga kwa kidole akauliza kikohozi hicho kinanywewa dawa gani.

Sasa nawauliza ninyi mnaonisikiliza. Wapo humu waliokwisha kusamehe, wapo waliokwisha kujuta, na kila mtu amegeuza waya wake gizani akashangaa mbona nyumba bado kavu. Wewe uliyemsamehe nduguyo mwaka mzima moyoni mwako, umemwambia?