Kamba Nyekundu ya Bafuni

Wakikujia kwa mbio, tazama ulichovuta.

Mnacheka! Mmemsikia shangazi yenu Mwanakheri akimrushia mumewe neno hilo, mkadhani ni tusi. Kaeni basi. Chanzo chake nakijua mimi, maana nusura kinizike.

Mwaka ule mafigo yangu yote mawili yalikufa. Mwanakheri, dada yangu wa tumbo moja, akajitolea kunipa lake moja, tukasafiri hadi India kwa matibabu. Sasa, huyo mnamjua: humshuku hata muuza mchicha. Na kabla hatujaondoka Tanga majirani walishamjaza maneno: "Shoga, wakikulaza tu, watachukua yote mawili!"

Hospitali ikatupa kila mtu chumba chake. Siku ya kwanza akaoga, akafua kanga na nguo zake za ndani. Mwanamke wa kwetu haaniki nguo za ndani mbele za watu. Akaona mle bafuni kamba nyekundu inaning'inia ukutani, akasema moyoni, angalau hawa wana akili. Akaitundika kanga mbichi, nguo za ndani akazificha chini yake, akaikaza fundo.

Hata hajageuka, wauguzi watatu hao ndani, na yeye bado ana povu masikioni! Wakamshika kichwa, wakampima mapigo ya moyo, wakasema maneno yao, wakatoka. Kesho yake akafua tena. Wakaja tena. Siku ya tatu wakaja wanne, na kitanda cha magurudumu.

Akaingia chumbani kwangu na begi mkononi.

"Kaka, mimi naondoka."

"Mwanakheri, operesheni si kesho?"

"Ndiyo maana naondoka! Hawa wananichungulia. Nikiingia kuoga tu, hao! Leo wameleta na kitanda kabisa, wanibebe kabla ya saa yake. Wee! Yote mawili hayatoki."

Sikuwa na nguvu ya kumgombeza. Bila figo lile nilikuwa maiti, naye alilijua hilo. Nililia, wanangu, siwafichi. Yeye naye akalia, lakini begi hakuliweka chini.

Ndipo wauguzi wakaja na mkalimani, binti aitwaye Shirin, mzaliwa wa Mombasa.

"Shikamoo, mama," akasema. "Wauguzi wanauliza, una kifafa? Mbona kila siku unawaita?"

"Nawaita mimi? Kwa mdomo upi?"

Shirin akamshika mkono hadi bafuni kwake. Kanga ilikuwa pale pale, inadondosha maji.

"Mama, hii ni kamba ya mtu aliyeanguka. Ukiivuta, kengele inalia kule kwao. Wanakimbia wakidhani unakufa."

"Mtume! Kumbe ni mimi!"

Aliwatazama wale wauguzi mlangoni. Mmoja alikuwa bado anahema. Dada yangu akafungua fundo polepole, kwa aibu, akawaomba radhi mmoja mmoja. Kisha akalirudisha begi kabatini.

Asubuhi yake aliingia chumba cha upasuaji amemshika mkono yule aliyekuwa akihema.

Miaka kumi na miwili sasa, na figo lake ndilo linalonipa nguvu ya kuwagombeza nyinyi. Tuliporudi, wale majirani walimjia wakinong'ona: "Haya, tuambie, ni kweli wale watu humvamia mtu wachukue yote mawili?"

Akawaambia: "Wakikujia kwa mbio, tazama ulichovuta."