Kisigino cha Karani Mbelwa

Usikate kisigino hujauona mguu. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo mwalimu aliyemfukuza mwanafunzi darasani, mkataka kujua kisigino hicho kilikuwa cha nani. Kilikuwa cha karani mmoja, na msemo wenyewe ulizaliwa namna hii.

Zamani zile za raizoni, wanaume walivaa viatu vya visigino virefu, wala si kwa dansi na harusi tu. Mwalimu alifundisha navyo, kinyozi alinyoa navyo, muuza maandazi alipita navyo mitaani. Juu yake suruali ya bugaluu, pana chini kiasi cha kufagia njia.

Wengine walifuata mtindo. Mbelwa alikuwa na haja nao. Utotoni aliugua akapooza, na alipopona, mguu wa kushoto ulibaki mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole vitatu. Kwao milimani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wakubwa kwa wadogo walimwita Kiwete. Raizoni zilipoingia, alikwenda kwa fundi viatu akashonewa jozi yake: cha kulia kirefu kama vya watu, cha kushoto kirefu zaidi, soli na kisigino. Bugaluu ikafunika vyote. Siku hiyo alitembea mle dukani ukuta hadi ukuta, mabega yakiwa sawa, mpaka fundi akamwambia anataka kufunga.

Baadaye alihamishiwa mji wa tambarare kuuza tiketi stesheni. Huko hakuna aliyemjua. Aliitwa Karani, na alipopita watu walimsalimu. Akampenda Nakijwa, binti wa Mzee Shekalaghe, mwenyekiti wa mtaa. Akapeleka barua ya posa, ikapokewa vizuri. Mara nyingi alikusudia kumweleza Nakijwa habari ya mguu, na kila mara aliiona siku ni nzuri mno kuiharibu.

Ndipo ikatoka amri mjini kwamba raizoni ni uhuni, zikatwe. Vijana wa mwenyekiti wakaketi langoni mwa soko na gogo na msumeno. Wanaume walivuliwa viatu, visigino vikakatwa, watu wakacheka, na waliokatwa nao wakacheka. Siku nne Mbelwa alikwenda kazini kwa njia ya uchochoroni. Siku ya tano Shekalaghe, aliyekuwa pale langoni, alimwona.

"Karani, hebu njoo."

Mbelwa alisogea. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Vua viatu."

"Baba, naomba nikavivulie nyumbani. Nitavileta mwenyewe, mvichome mkitaka."

"Nikikuacha wewe, watasema namlinda mkwe wangu."

"Basi tuingie ofisini, mimi na wewe tu. Nina jambo la kukueleza."

Shekalaghe aliwatazama watu waliokuwa wakimtazama. "Amri haina chumba cha ndani," alisema. "Mkalisheni."

Alishika msumeno mwenyewe, ili ionekane hana upendeleo. Akakata cha kulia. Alipokishika cha kushoto alihisi ni kirefu na kizito kuliko mwenzake. Lakini watu walikuwa wakishangilia, na mkono umeshapata kasi. Akakata.

"Haya, vaa uende."

Mbelwa alivaa, akainuka. Hatua ya kwanza tu bega la kushoto lilishuka, bugaluu ikaburuzika vumbini. Vicheko vikakatika, isipokuwa cha mtu mmoja aliyedhani karani anafanya mzaha. Kutoka sokoni mpaka stesheni barabara imenyooka, na soko zima lilimwona akichechemea hadi mwisho wake. Nakijwa, aliyekuwa pale sokoni, alimwita, akamwita tena. Hakugeuka. Alisikia nyuma yake jina lile la milimani likitajwa na watu wasiojua kwamba lilikuwa lake. Akapanda garimoshi la alasiri bila hata kufunga mizigo.

Nyumbani Nakijwa alimwambia baba yake, "Mimi nilijua tangu masika. Nilikuwa nasubiri aniambie mwenyewe."

Baada ya wiki mbili Shekalaghe alishonesha jozi mpya, akapanda nayo milimani pamoja na binti yake. Walimkuta mama yake Mbelwa peke yake, akipukuchua maharage. Mwanawe alikuwa amelala pale usiku mmoja tu, kisha akaenda asikokutaja.

"Nilimbeba mgongoni mpaka akatimiza miaka tisa," mama alisema. Viatu hakuvigusa.

"Mama, mimi sikujua."

"Alikuomba mwingie ndani akueleze. Hukutaka kujua."

Shekalaghe aliinama. "Nifanye nini sasa?"

"Kwangu huna la kufanya. Rudi kwa wenzako wenye misumeno, uwaambie: usikate kisigino hujauona mguu."

Shekalaghe alirudi, lakini hakumwambia mtu. Aliona haya. Mwaka uliofuata raizoni zilipitwa na wakati, hakuna aliyezivaa tena, na gogo la sokoni likapasuliwa kuni. Mbelwa hakuonekana tena, hata siku mama yake alipozikwa.

Siku moja Shekalaghe alisimama mkutanoni kumfokea mjane asiyefika kwenye kazi za mtaa. Mjane akaomba kusema, akakatazwa. Nakijwa, ambaye alikuwa bado hajaolewa, aliinuka nyuma ya wanawake, akalisema neno lile mbele ya mtaa mzima. Baba yake akaketi, na mjane akapewa nafasi ya kusema.

Usikate kisigino hujauona mguu.