Ukuta Ambao Mwanakombo Hakuugonga

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Mnacheka? Haya, chekeni mmalize. Salha, hebu iweke chini hiyo simu. Geti la mchumba wako tumeliona, lina rangi ya dhahabu na simba wawili juu, mashallah, wala halitakimbia. Umeulizwa jambo moja tu, jiko lake likoje, ukasema hujui. Ndipo methali ikatajwa, na sasa nyote mmekodoa macho mnataka kumjua aliyeisema wa kwanza. Basi shikeni huo mchicha mchambue huku mnasikiliza, maana masikio hayaizuii mikono kufanya kazi. Methali hii ilianza hivi, na haikuanza kwa kicheko.

Zamani, katika mji wa Kwamchanga, alikuwako mwanamke mmoja jina lake Mwanakombo. Mumewe alikufa mapema, akamwachia kibanda cha vyumba viwili na binti mmoja, Raya. Mwanakombo alikuwa mkandikaji. Siku hizo nyumba zilikuwa za miti na udongo, na mkandikaji hodari alitafutwa kama anavyotafutwa mkunga. Yeye hakuwa mtu wa kuchota udongo popote akabandika ukutani. Alikwenda kuchimba udongo wa kichuguu, akauchekecha, akautia majivu na samadi ya ng'ombe, akauloweka siku tatu huku akiukanyagakanyaga mpaka ukashikana kama unga wa maandazi. Hapo ndipo akakandika. Nyumba iliyopita mikononi mwake ilikaa masika saba bila kupata ufa. Nyinyi wa saruji, mnaopiga lipu leo na mwakani inabanduka, sikieni hayo.

Tena alikuwa na tabia iliyojulikana mji mzima. Akiingia nyumba ya mtu, hata kama amekwenda kwenye msiba, lazima augonge ukuta kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko. Atatega sikio, kisha aseme, "Huu mzima." Au aseme, "Mwenzangu, humu mna mchwa. Toa fito hizi kabla ya mvua, na shinani mwa nguzo tia majivu." Hakukosea hata siku moja. Watu walimtania, "Mwanakombo, wewe ukifa utaligonga na kaburi!" Naye hucheka, akahamia ukuta wa pili.

Lakini kucheka kwake kulikuwa na kidonda ndani. Udongo ulikuwa umemwingia kwenye kucha, hautoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Wenye nyumba kubwa walimwita "yule wa udongo." Wakimhitaji humtuma mtu ambembeleze, na wakiwa na harusi humpeleka uani akasugue masufuria, ukumbini hawamtaki. Akala yamini kwamba mwanawe Raya hatapitia hayo. Raya ataolewa nyumba ya watu wenye heshima.

Basi siku ikaja, posa ikaletwa. Mposaji alikuwa Feruzi, kijana aliyeachiwa na baba yake nyumba pale mtaa wa juu. Na nyumba hiyo ilikuwa na mlango. Jamani, mlango! Mti wa mvule mtupu, nakshi za majani na minyororo kutoka juu hadi chini, misumari ya shaba mikubwa kama mayai. Fundi aliuchonga miezi minane. Wapita njia walisimama kuutazama, na watu walielekezana njia kwa mlango huo: pinda kulia, ukifika kwenye mlango wa Feruzi nyoosha. Alitekwa moyo Mwanakombo aliposikia jina hilo. Usiku na mchana akawa anauona mlango ule na mwanawe akitokea humo.

Kwamchanga kulikuwa na desturi. Kabla ya posa kujibiwa, wanawake wa upande wa bibi harusi huenda nyumbani kwa mposaji kuangalia moshi. Ndivyo ilivyoitwa. Walikuwa na haki ya kupita mpaka uani, wafunue mtungi wa maji wanuse, waingie jikoni, watazame paa kwa ndani. Makuti ya jikoni yakiwa meusi kwa moshi, ni salama, kwa sababu moshi hufukuza wadudu. Yakiwa meupe na yanadondoka, jua jiko halipikiwi na nyumba haina mtu wa kuijali. Lakini siku hizo waungwana walikuwa wameanza kuona desturi hiyo ni ushamba. Mtu mwenye heshima zake, walisema, huishia ukumbini, akanywa kahawa, akashukuru, akaondoka. Anayepita ndani huyo ana njaa au hana adabu.

Mwanakombo alikwenda na wifi yake, Bi Tatu, dada wa marehemu mumewe, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Mama yake Feruzi, Bi Shamsa, aliyekuwa akikaa mtaa mwingine, aliwapokea mlangoni.

"Karibuni, wakwe, karibuni. Ndani pamevurugika kidogo, si mnajua nyumba ya mwanamume asiye na mke. Tukaeni hapa hapa ukumbini penye upepo."

Wakaletewa kahawa na halwa. Mwanakombo akaegemea ukuta. Mara akahisi kitu kama unga kinamdondokea begani. Akatazama. Ulikuwa unga wa mti, laini, wa rangi ya kahawia. Nani asiujue unga ule? Yeye aliujua kuliko jina la baba yake. Kidole chake kikanyanyuka chenyewe kuelekea ukutani.

Hapo akamwona Bi Shamsa anamtazama kucha.

Mwanakombo akaurudisha mkono, akauficha ndani ya kanga. Akapangusa bega kama mtu anayepangusa vumbi la njiani.

"Wifi," Bi Tatu akasema, "inuka tukaangalie moshi."

"Kaa, wifi."

"Nikae vipi? Sijaona jiko."

"Kaa, nimekwambia. Usitutie aibu."

"Aibu!" Bi Tatu akashangaa. "Wewe ambaye hata kwenye matanga unagonga kuta za watu, leo unaona aibu? Hebu ugonge basi huo uliouegemea."

"Leo sikuja kukandika nyumba ya mtu," Mwanakombo akasema kwa sauti ya chini, meno yameumana. "Nimekuja kama watu wanavyokwenda kwa wakwe zao. Mlango umeuona. Watu wenye mlango kama ule watashindwa na jiko?"

Bi Tatu akakaa. Bi Shamsa akawaongezea kahawa. Jambo likapita hivyo, na baada ya mwezi mmoja Raya akaolewa.

Sasa sikieni alichokikuta. Nyuma ya mlango ule kulikuwa na ukumbi, nyuma ya ukumbi chumba, na nyuma ya chumba jiko lililoegemea ukuta uliovimba kama tumbo la mtu mwenye safura. Fito zilikuwa zimeliwa, boriti ya jikoni ukiitia kucha inazama. Makuti yaliezekwa mapya juu ya mabovu, kosa ambalo hata mtoto wa Kwamchanga alilijua, maana kuti bovu huliozesha lililo zima. Raya alikuwa binti wa mama yake. Alitia majivu shinani, akaziba nyufa alizozifikia, akawa anapika asubuhi na jioni ili moshi upande darini. Akamwomba mumewe watoe ile boriti.

"Nani anaiona boriti ya jikoni?" Feruzi akamjibu.

Kila Ijumaa Feruzi alishinda mlangoni. Akazisugua mbao kwa mafuta ya ufuta, akazing'arisha shaba kwa ndimu na majivu mpaka unaweza kujitazama uso. Ni kweli, ndimu na majivu hung'arisha shaba vizuri sana, kajaribuni. Lakini majivu yenyewe aliyakomba jikoni, yale yale Raya aliyoyatia shinani mwa nguzo. Raya akitia, yeye anakomba.

Mwezi wa Shaabani Raya alikwenda kwa mama yake. Alikuwa amekonda.

"Mama, njoo unikandikie. Ukuta wa jikoni utaanguka."

"Nije na ndoo ya udongo kwa wakwe zangu?" Mwanakombo akashtuka. "Unataka Bi Shamsa aseme nini? Kwamba mwanawe amemwoa mtoto wa yule wa udongo, na sasa mama mtu anakuja kuwaparuza ukuta?"

"Basi njoo bila ndoo. Njoo ugonge tu, mama. Useme wewe. Wewe ukisema Feruzi atasikia, mji mzima unakusikiliza."

Mwanakombo akazitazama kucha zake. Alijua. Tangu siku ya unga begani alikuwa anajua, na kila kukicha alikuwa anajidanganya upya. Kwenda sasa kuugonga ukuta ule kungekuwa ni kukiri kwamba hakuugonga siku ile. Akainuka, akajaza kapu la majivu, akampa mwanawe.

"Tia shinani, mwanangu. Mvua ikipita tutaona."

Raya akalipokea kapu, akajitwika, akarudi kwake bila kuaga vizuri.

Masika ya mwaka huo yalikuja na hasira. Siku ya nne ya mvua, asubuhi watu wakinywa uji, mtaa wa juu ukasikika mshindo mzito, kisha ukelele wa mwanamke. Feruzi alikuwa safarini. Raya alikuwa peke yake, na kwa sababu ya upepo alikuwa ameutia mlango komeo kwa ndani.

Mwanakombo alifika anakimbia, kanga moja imebaki njiani. Akakuta wanaume watano wanausukuma mlango kwa mabega. Ulisimama wima, hata hautikisiki. Wakaleta mchi wa kinu wakaugonga nao. Wakaleta shoka, likadunda kwenye misumari ya shaba. Na huko ndani sauti ya Raya inaita, "Mama! Mkono wangu! Mama!" Mwanakombo akaupiga mlango kwa ngumi, akaukwaruza kwa kucha zile zile, akaulaani mti na fundi aliyeuchonga. Sauti ya ndani ikawa inapungua.

Nyumba za mtaa ule zilikuwa zimeshikana, na kufika nyuma kulitaka kuzunguka mtaa mzima kwenye matope. Hakuna aliyewaza kuzunguka, kwa maana mbele yao kulikuwa na mlango. Aliyewaza ni Bi Tatu. Alipotea kitambo, kisha wakamsikia anapiga kelele kutoka upande wa pili.

"Jamani, njooni huku! Huku hakuna ukuta!"

Wakazunguka. Ukuta wote wa nyuma ulikuwa chini. Ukisimama uani ulikuwa unaona jiko, chumba na ukumbi, mpaka mgongo wa mlango na komeo lake lililofungwa sawasawa. Mbuzi wa jirani alikuwa ameshaingia, anakula makuti. Raya alikuwa chini ya boriti. Waliiinua wanawake wawili tu, kwa kuwa ilikuwa nyepesi, imebaki ganda. Kilichouangamiza mkono wake ni udongo mbichi ulioilalia boriti, na muda waliokuwa wakishindana na mlango.

Mganga wa mifupa akasema mkono ungepona kama angetolewa mapema. Ulikuwa mkono wa kulia. Ukafa kutoka kwenye kiwiko kushuka chini.

Feruzi aliporudi alishika mlango kwanza, akaukagua pale shoka lilipopiga, akauliza, "Nani kaniharibia?" Watu wakamzuia Bi Tatu asimpige kwa mwiko. Kabla mwezi haujaisha, talaka ilifika. Mwanamume alisema hawezi kukaa na mke asiyeweza kukuna nazi.

Raya akarudi kwenye kibanda cha vyumba viwili. Siku ya kwanza alipoweza kukaa, alimtazama mama yake akasema, "Uligonga kuta za watu wote, mama. Wangu hukuugonga."

Mwanakombo akainuka kwenda kumsongea ugali.

Mnajua adabu zetu: mkono wa kushoto hauendi kwenye sahani. Raya alikataa kula kwa kushoto, na kijiko siku hizo kilikuwa cha kupakulia tu. Basi mama yake akawa anamlisha, tonge kwa tonge, mchana na jioni, msichana wa miaka ishirini. Vidole vyenye udongo kwenye kucha vilimfinyangia ugali, vikamtolea miiba ya samaki. Na Raya alikula akiwa ametazama pembeni.

Wakaanza kuja akina mama wenye mabinti kuwajulia hali. Siku moja akaja jirani amejaa furaha, hata hodi hakuimaliza. Mwanawe ameposwa! Na nyumba ya mkwe, alisema, ina mlango, Mwanakombo, ungeuona mlango! Mwanakombo alikuwa na tonge mkononi. Machozi yakamshuka mpaka kwenye sahani.

"Nyumba njema si mlango," akasema. "Fungua uingie ndani. Shoga yangu, fungua uingie ndani, wakikuita mshamba waache wakuite."

Jirani akaduwaa. Akaondoka na maneno hayo, akayapeleka kisimani, na kisimani yakaenea mji mzima. Kila mtu akayasifu, akasema Mwanakombo ana hekima.

Lakini pale ndani, mgeni alipokwisha kutoka, Raya aligeuza uso. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kumtazama mama yake machoni.

"Maneno mazuri hayo, mama," akasema. "Ungeniambia mimi."

Kisha akafunua kinywa, akangoja tonge.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.