Kinyonga wa Salha na Ndoo ya Nyenje

Nyenje mwenye njaa humla kinyonga. Jana mlimsikia Bi Nyange akimtupia neno hilo msimamizi wa harusi, yule aliyewapakulia wageni wote akawasahau wapishi, nanyi mkacheka mpaka mkashikana mabega. Mlicheka kwa sababu mnajua kuwa nyenje ndiye huliwa. Siwalaumu. Hata mimi nilicheka nilipolisikia mara ya kwanza, na nilipoambiwa lilikotoka sikulicheka tena. Basi kaeni, wekeni hizo simu, niwaeleze mwanzo wake. Si methali ya kale, na aliyeizaa aliizaa kwa uchungu.

Kule Usambara, katika kijiji kilichopakana na mashamba ya chai, aliishi seremala mmoja aitwaye Mzee Shemboza. Mkewe alifariki mapema akamwachia mabinti wawili, Salha na mdogo wake Hidaya. Salha alikuwa msemaji, mcheshi, mtu wa kuingia nyumba ikachangamka. Hidaya alikuwa mkimya, na mtoto mkimya, wanangu, watu humsahau hata akiwa amekaa mbele yao.

Salha alipata kazi kwa watafiti wa msituni, kazi ya kuhesabu mijusi na vinyonga. Siku moja akitoka kazini aliokota kinyonga aliyegongwa na pikipiki, mguu wake wa nyuma umevunjika. Watafiti waliufunga mguu ule, lakini uliunga vibaya. Kinyonga hakuweza tena kupanda mti, na porini asingemaliza juma. Salha akamleta nyumbani, akampa jina la Mstaarabu, kwa ule mwendo wake wa kupima kila hatua kabla ya kuikanyaga.

Mzee Shemboza alikasirika sana. Mnajua watu wetu na kinyonga: wengi wakimwona njiani hutema mate na kugeuza njia.

"Salha, umetuletea mkosi ndani ya nyumba," alisema.

Salha alicheka tu. Akaushika mkono wa babake kwa nguvu, akampandisha kinyonga juu ya kidole chake. Mzee akatoa jasho, lakini hakumtupa. Tangu siku hiyo alizoea kupita pale chumbani na kuuliza, "Huyo mkosi wako kala?"

Kula ndiko kulikokuwa na kazi. Kinyonga hali wali wala ugali. Anataka mdudu aliye hai, anayetembea, na mdudu mfu hata hamtazami. Kwa hiyo Salha alifuga nyenje kwenye ndoo kubwa ya plastiki, Hidaya akimsaidia. Kumlisha kinyonga kulikuwa jambo la dakika mbili, lakini kuwatunza nyenje kulikuwa kazi ya kutwa. Ndani ya ndoo walipanga vipande vya trei za mayai ili nyenje wapate pa kujificha, maana wakibanana huanza kung'atana. Waliwapa pumba, mchicha na maganda ya boga. Maji hawakuwawekea kwenye kisahani, kwa sababu nyenje ni mjinga wa maji, huzama hata kwenye kifuniko cha soda. Waliwawekea pamba iliyoloweshwa. Waliokufa walitolewa kila asubuhi, kwani uvundo wa mmoja huwaua kumi. Msimu wa baridi ndoo ilisogezwa karibu na jiko.

"Anachokula nyenje asubuhi ndicho anachokula Mstaarabu jioni," Salha alikuwa akimwambia mdogo wake. "Ukimpa nyenje mwenye tumbo tupu, umempa ganda."

Hidaya aliyashika yote.

Kisha Salha akaugua. Ulikuwa ugonjwa wa damu, ukamla haraka, na kabla mahindi ya mwaka ule hayajakomaa walikuwa wameshamzika. Siku ya mazishi Mzee Shemboza hakutoa chozi, watu wakasema mzee ana moyo wa jiwe. Lakini waombolezaji walipotawanyika aliingia chumbani kwa Salha, akamkuta Mstaarabu amenyoosha shingo kuelekea mlangoni, macho yake yote mawili yametazama pale alipozoea kutokea mlishaji wake. Hapo mzee aliketi sakafuni akalia kwa kwikwi mpaka sauti ikamkauka. Hidaya alikuwa nje ya mlango ameshika kikombe cha uji. Alisimama mpaka uji ukapoa, akaurudisha jikoni.

Kuanzia siku hiyo kinyonga akawa ndiye Salha. Mzee alimtengenezea kizimba cha mbao ya mvule, akakitia nakshi kama mlango wa harusi, akakitandazia matawi mabichi. Alimzungumzia, alimwambia habari za kijiji. Chakula chake mwenyewe, ambacho Hidaya alikipika na kukifunika, mara nyingi alikila bila kujua ni nini. Na Hidaya, ambaye naye alikuwa amefiwa na dada, hakuulizwa na mtu yeyote nyumbani mle kama analala, kama anakula, kama analia. Aliendelea na ndoo yake.

Mara moja tu alifungua mdomo. "Baba," alisema, "pengine tumpeleke Mstaarabu kwa wale watafiti. Wanajua kumtunza, na mguu ule..."

Mzee akamgeukia kwa ukali. "Unataka kumtoa dada yako nyumbani? Umechoka naye?"

Hidaya hakulirudia neno hilo. Lakini mzee alishaingiwa na shaka. Alitia kufuli mlango wa chumba kile, ufunguo akauning'iniza shingoni, akawa anawachukua nyenje mwenyewe kutoka jikoni na kumlisha mwenyewe.

Ndipo akaanza kuitazama ndoo. Mwezi wa saba ulikuwa umeingia, kipupwe kimekaza, ukungu haupandi mpaka saa nne, na mboga shambani zimepungua. Asubuhi moja akamkuta Hidaya anakwangua boga juu ya nyenje.

"Nini hicho?"

"Chakula chao, baba."

"Chakula chao! Hawa wenyewe si chakula? Uliona wapi chakula kikalishwa chakula?"

"Kuku tunampa mahindi, baba, naye tunamla."

"Kuku ni kuku. Hao ni wadudu, wakikosa boga watakula hewa. Boga hilo likate, nitampondea Mstaarabu, huenda akalamba."

Hidaya akaliweka boga chini. Alikuwa mtoto aliyefunzwa kutii, na kutii huko ndiko kulikowaponza yeye na baba yake. Siku ya kwanza pumba zikaisha. Siku ya tatu pamba ikakauka, kwa kuwa mzee aliiona ni uchafu akaitupa. Siku ya tano Hidaya alimwendea babake kwenye karakana, akasimama kando ya meza ya randa mpaka mzee aliponyanyua macho.

"Baba, nyenje wanatafunana."

"Wacha watafunane," mzee alijibu, "watakaobaki watakuwa wamenona."

Alisema hivyo kwa mzaha, jamani. Hakuwa mtu mbaya. Mapenzi yake yote aliyamwaga mahali pamoja, na pengine pote pakakauka.

Siku ya saba ikaja habari kwamba shemeji yake wa Korogwe amefariki. Ilimpasa aende, tena akae mpaka hitima, siku tatu. Aliwaza sana Mstaarabu atakula nini. Kwa siku zile za baridi kinyonga alikuwa amezubaa, amekunja mkia, hata nyenje akipita mbele ya pua yake anamwacha aende. Mzee akaona anadhoofu, na dawa aliyoiona yeye ni wingi. Akaichukua ndoo nzima akaikung'utia ndani ya kizimba, nyenje wote, kama mia hivi, wakatapakaa kwenye matawi na kwenye nakshi.

Hidaya alimfuata mpaka mlangoni.

"Baba, usiwaache humo. Hawajala wiki nzima. Salha alikuwa anampa watatu, wanne, wanaobaki anawatoa."

"Salha alikuwa na mkono mwembamba," mzee alisema. "Mimi nataka ashibe."

"Basi niachie ufunguo, nimwangalie."

Mzee alimtazama binti yake. Alitaka kumwamini, nadhani. Lakini lile neno la kumpeleka kinyonga kwa watafiti lilikuwa bado limemkaa kooni. Akafunga kufuli, akauingiza ufunguo ndani ya kanzu, akashika njia ya stendi.

Alirudi siku ya nne, saa za alasiri. Hakupita jikoni, hakuvua viatu. Alifungua mlango akaenda moja kwa moja kwenye kizimba, na pale matawini hapakuwa na mtu. Nyenje walikuwapo, wengi, wametulia wamevimba. Mstaarabu alikuwa chini sakafuni mwa kizimba, mweusi ti, amelalia ubavu. Vidole vyake vilikuwa vimetafunwa. Kingo za macho zilikuwa zimeliwa. Kwenye ule mguu wa zamani, uliounga vibaya, palikuwa na kidonda kilichofika kwenye mfupa. Alikuwa bado anahema.

"Hidaya!" mzee alipiga ukelele. "Hidaya! Nani kaingia humu?"

Hidaya akaja mbio. Alimnyanyua kinyonga kwa viganja viwili, akawatoa nyenje wawili waliokuwa wameng'ang'ania, akamlaza juu ya kanga yake. Akaleta maji ya uvuguvugu na chumvi, akamwosha kidonda kwa pamba, tone kwa tone. Mzee amesimama, mikono yake hajui aiweke wapi.

"Nimeuliza, nani kaingia?"

"Ufunguo unao wewe, baba."

Mzee akaushika kifuani. Hakukuwa na wa kumsingizia.

"Kwa nini hukuvunja mlango?" akauliza, sauti imeshuka.

"Ningeuvunja, ungenisamehe?"

Jibu la swali hilo mzee alilijua. Mstaarabu akafungua mdomo mara mbili, kama mtu anayetaka maji, rangi yake ikaanza kupauka kuanzia mkiani kupanda juu. Hidaya akaacha kumwosha.

"Sasa amekwenda na huyu," mzee alisema akaanza kulia. "Sikubakiza kitu chake. Mwanangu sikumbakiza hata kidogo. Wadudu! Nimempa wadudu wamle, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu."

"Hawakuwa na ubaya naye, baba. Walikuwa na njaa." Hidaya alimfunika kinyonga kwa pindo la kanga. Alikuwa akilia sasa, naye hakuwa na desturi ya kulia mbele za watu. "Nilikuambia wana njaa. Ila tangu dada afe, nikisema hunisikii. Dada alikuwa wako, sawa. Hata mimi alikuwa wangu. Ulikaa humu ndani na kinyonga miezi minane, na mimi nilikuwa kule jikoni na ndoo. Hukuja hata siku moja."

Mzee Shemboza alisikia kila neno. Alitaka kusema jambo, na seremala yule aliyeweza kuunga mbao mbili usione zilipokutana hakuweza kuunga sentensi moja. Alitoka nje kuchimba kaburi dogo nyuma ya nyumba. Aliporudi, Hidaya alikuwa ameshapika, amekifunika chakula chake kama kawaida.

Mwezi haukuisha, Hidaya akaaga kwenda kukaa kwa shangazi yake Handeni. Aliaga vizuri, alipiga goti, hakuwa na maneno makali. Huko aliolewa, na posa ilipokuja ilipitia kwa shangazi. Mzee alipelekewa habari ili aje kuozesha tu.

Kijijini, habari za kinyonga zilikuwa kichekesho. Kulikuwa na mtu wa porojo aitwaye Mhando, ambaye kila baada ya swala ya alasiri, wazee wakikaa barazani mwa msikiti, alimchokoza: "Mzee Shemboza, hebu tueleze na leo. Nyenje alimmezaje kinyonga? Alianzia kichwani au mkiani?" Watu wakavunjika mbavu. Mzee alikuwa akichezea tasbihi tu.

Mwaka wa pili alifunga safari ya Handeni kumtazama mwanawe. Alikwenda na nia ya kumwomba radhi na kumwambia arudi walau kwa mwezi mmoja, nyumba imekuwa kubwa mno. Hidaya alimpokea kwa heshima zote. Alimwamkia, alimtandikia kitanda kipya, alimchinjia jogoo, alimwekea maji ya kuoga. Alimuuliza habari za njiani na habari za mvua. Hakumnyima kitu. Mzee alikaa siku mbili akiutafuta mlango wa kuingilia, asiuone, kila alipoanza, "Hidaya, mwanangu, lile jambo," Hidaya alijibu kwa upole, "Yameshapita hayo, baba, kunywa chai." Siku ya tatu alimsindikiza stendi, akamkabidhi zawadi ya mchele, akasimama mpaka gari likaondoka. Alimpokea kama anavyopokewa mgeni mwema yeyote. Ndani ya gari mzee alijifunika uso kwa kilemba, abiria wenzake wakadhani anasinzia.

Alasiri ya kurudi kwake Mhando hakuchelewa. "Aa, Mzee Shemboza, karibu tena! Leo tuambie kwa kiapo. Hivi kweli nyenje anaweza kumla kinyonga?"

Wazee wakajiandaa kucheka. Mzee Shemboza aliweka tasbihi mapajani, akamtazama Mhando bila hasira.

"Nilikuwa na binti aliyenipikia na kuninyamazia," alisema. "Sikumuuliza hata siku moja kama yeye ameshiba. Nimetoka kwake leo. Kanikirimu, kanilisha nyama, wala hanihitaji tena." Akaishika tena tasbihi. "Ndiyo, Mhando. Nyenje mwenye njaa humla kinyonga. Na kosa si la nyenje."

Siku hiyo pale barazani hakucheka mtu, wala Mhando hakuuliza tena.