Jina la Mtoto wa Mghoi

Hapo zamani, watoto wangu, chini ya vilima vikavu palikuwa na kijiji kiitwacho Irimba, na mvua ilikataa kunyesha huko misimu miwili mfululizo. Ghala zikabaki na vumbi. Mbuzi wakakonda, kisha wakaliwa, kisha mifupa yao ikachemshwa mara ya pili.

Irimba walikuwa na desturi. Wakati wa njaa, mwindaji akipata mnyama mkubwa hamli peke yake. Nyama hupelekwa kwenye nyumba zisizo na mwindaji. Tena haigawiwi hadharani, maana mwenye shida naye ana heshima yake. Huwekwa mlangoni alfajiri, imefunikwa kwa jani, na anayeipokea haulizi imetoka kwa nani.

Sasa mtaniuliza, nyumba isiyo na mwindaji hujulikanaje? Kwa upinde. Mwindaji huning'iniza upinde wake juu ya mlango. Ukiuona, unapita. Kumpelekea mwindaji nyama ni kumwambia, "Wewe kazi yako imekushinda," na hilo ni tusi kubwa.

Haya. Mwindaji mmoja, Mwandoe, alimwona pofu bondeni, yule mnyama mkubwa kama fahali. Akamfuata siku mbili, kiu imemkausha midomo, akamwangusha kwa mshale mmoja. Nyumbani alikuwa na watoto watano, lakini alijikatia mguu mmoja tu. Nyama yote iliyobaki akaitoa. Akazunguka kijiji, akahesabu nyumba zisizo na upinde, akapata sita. Kisha akamwita Mkawasi, mwanamke aliyejua kukausha nyama kuliko wote.

"Shemeji, ianike, uifunge mafungu. Kila baada ya siku tatu peleka nyumba sita. Asikose mtu."

"Na mimi je?"

"Wewe una fungu lako la kazi. Ila usilimalize leo."

"Mimi si fisi, shemeji."

Mkawasi akaanika. Akafunga. Akapeleka. Lakini alfajiri ile ya kwanza, akipita mlangoni kwa Mghoi, akasimama. Upinde ulikuwapo, ndiyo. Ulikuwa wa Malombo, mume wa Mghoi, aliyekwenda porini miezi mitatu kabla na hakurudi. Mghoi alikataa kuushusha. Kuushusha ni kusema mume amekufa, na yeye hilo hakuwa tayari kulisema. Na mke wa mwindaji haombi nyama. Basi alikaa ndani na mimba yake, na siku tatu jiko lake halikutoa moshi.

Mkononi Mkawasi alikuwa amebakiwa na fungu moja, la Bibi Righa, kikongwe aliyekaa jirani na Mghoi. Akalifungua. Nusu akaiacha kwa Bibi Righa, nusu akaiweka kwa Mghoi. Hakumwambia mtu.

Siku tatu zikapita: nusu huku, nusu kule. Siku tatu nyingine: nusu huku, nusu kule. Hivyo hivyo, mpaka mawingu yakaja.

Mvua ikanyesha, mboga zikachipua, na Irimba nzima hakufa mtu. Mghoi akajifungua mtoto wa kike mwenye mashavu.

Siku ya saba, Irimba humtoa mtoto nje alione jua, na humpa jina la mtu ambaye wazazi wanamshukuru kuliko wote. Jina moja tu, nalo lazima litajwe kabla jua halijafika utosini. Wala mtu hawezi kumpa mwanawe jina lake mwenyewe. Lazima mtu mwingine amwite mtoto wake jina hilo. Asiyepata mtoto wa jina lake, akifa husahaulika pamoja na vyungu vyake.

Mghoi akatoka na mtoto mikononi, akasema mbele ya watu, "Najua haiulizwi. Lakini mwanangu hana jina. Nani aliyenilisha?"

Mwandoe akajitokeza, kifua mbele. "Ni mimi, mama. Pofu alikuwa wangu. Kiu ilikuwa yangu. Mshale wangu haukwenda bondeni kusalimia nyasi! Wanangu walilala nusu shibe ili nyama ile itoke. Bila mimi, nani angegawa nini?"

Mkawasi akacheka. "Ulitoa, shemeji, hakuna anayebisha. Ulimtolea Mghoi?"

Mwandoe akautazama mlango wa Mghoi. "Sikumhesabu. Niliuona upinde."

"Basi pofu alitembea mwenyewe mpaka mlangoni kwake? Ni mimi niliyetazama jiko. Ni mimi niliyevunja desturi, na ningegundulika ningefukuzwa kazi ya nyama, nami nina watoto wanne nyumbani. Mwandoe alilisha nyumba sita. Nyumba ya saba niliiona mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema nisimtukane mke wa mwindaji."

"Ningesema hivyo, kweli," Mwandoe akakiri. "Lakini hiyo nyama ya nyumba ya saba uliitoa wapi? Kwenye fungu lako?"

Hapo ndipo Bibi Righa alipojikongoja mbele, amekonda kama fimbo aliyoishika.

"Aliitoa kwangu," akasema. "Usishtuke, mwanangu Mkawasi. Nilikuwa nyuma ya mlango siku ile ya kwanza, nakuchungulia. Nilifungua kinywa nipige kelele za mwizi. Nikamsikia Mghoi akikohoa, kikohozi cha tumbo tupu. Nikafunga kinywa. Kila baada ya siku tatu nilikifungua, na kila baada ya siku tatu nilikifunga. Mwandoe alibakiwa na mguu mzima. Mkawasi alibakiwa na fungu lake. Mimi nilibakiwa na nusu, na mtoto wa jina langu sina."

"Lakini bibi," Mkawasi akasema polepole, "wewe hukutoa. Ulichukuliwa."

"Nawe hukunipokonya kitu, binti. Neno langu moja lingekuzuia."

Watu wakaguna, wengine upande huu, wengine upande ule.

Mghoi akajaribu njia ya wakunga, mtoto ajichagulie jina mwenyewe: akamnong'oneza mtoto sikioni. "Mwandoe." Mtoto akapiga mwayo. "Mkawasi." Akapiga mwayo. "Righa." Akapiga mwayo mkubwa zaidi, akalala. Watu wakacheka, lakini jua halikucheka nao. Lilizidi kupanda, na vivuli vikazidi kuingia chini ya miguu yao.

Haya, watoto wangu. Mmoja alitoa bila kumjua. Mmoja alimjua, akampa kisichokuwa chake. Mmoja aliona chake kinakwenda, akanyamaza. Msiniambie apewe majina matatu. Nimeshasema ni moja. Fikirini taratibu, kisha kila mtu anipe jibu lake na sababu yake. Mngekuwa ninyi mmemshika yule mtoto mikononi, na jua limekaribia utosini, mngemwita nani?